Fedha za Dari

Mimi ndiye niliyeshika ufunguo.
Niandike hivyo kwanza, kabla ya mvua.

Miaka mitatu mtaa wetu wa Lwengera,
mwendo wa saa moja kutoka Korogwe mjini,
ulichanga fedha za dari:
mikungu ya ndizi iliyonadiwa baada ya ibada,
jogoo wa mavuno,
sarafu za watoto zenye jasho la kiganja.
Bati letu lina kelele. Mvua ikinyesha
mahubiri huzama, na popo
hawana adabu juu ya madhabahu.

Usiku ule mto haukubisha hodi.
Ulipita shambani, ukapita kwa Shekiondo,
ukachukua mbuzi, godoro, cherehani,
ukamchukua mjukuu wa Nakijwa, Elineema,
aliyekuwa amejifunza wiki hiyo kuandika E
akaiandika kwa mkaa kila mlango.

Asubuhi mwinjilisti Hozza alisimama topeni,
akaanza: "Mungu anatuonya..."
Nakijwa akamtazama.
Hakulia, hakubisha. Aliuliza tu, kwa Kisambaa,
taratibu, kama mtu anayeuliza bei:
"Anamwonya nani? Elineema?"
Mwinjilisti akafunga mdomo.
Nilimheshimu kwa kule kuufunga
kuliko kwa mahubiri yake yote ya Pasaka.
Akavua viatu, akaomba chepe.

Mimi nilikuwa na ufunguo.
Kamati ilikaa darasani, kwenye viti vya watoto,
magoti yakigusa videvu.
Mmoja akasema: fedha ya Bwana ina kazi yake.
Mwingine: tuandike barua dayosisi.
Wa tatu akasema tufunge na kuomba,
naye Shekiondo, aliyekuwa hana tena nyumba,
akajibu: "Kufunga tumeanza jana, Mzee.
Bila hata kutangaza."

Nami, mtunza hazina, nilisema nini?
Nilisema: "Stakabadhi."
Kila shilingi, nikasema, iwe na stakabadhi.
Neno hilo bado lina ladha ya kutu.

Kisha akaja Bi Mwanahamisi kutoka ng'ambo ya reli,
sufuria la arusi kichwani,
lile la kupikia watu mia mbili.
Akalitua mlangoni, akauliza kuni ziko wapi.
Hakuuliza wenye njaa wanaswali wapi.

Kuni kavu hazikuwapo.
Mto ulikuwa umelowesha kila kitu
isipokuwa mbao za dari, ndani ya stoo,
pale juu kwenye mwinuko.

Ndipo nilipofungua.

Mbao thelathini na mbili za mkangazi.
Nne zikawa jeneza, na vipande vikabaki,
maana jeneza lilikuwa fupi.
Nyingine zilipika uji siku tisa.
Fedha zikawa unga, blanketi, dawa ya maji,
na daftari langu lina mistari sita tu,
kwa sababu nilikuwa nakoroga.

Mto ulipanda kwa nini? Sijui.
Swali hilo limekaa kwangu kama mgeni asiyeaga.
Naliandalia chai. Sijalifukuza,
wala silipi jibu la kuazima.

Hatuna dari mpaka leo.
Mvua ikianza katikati ya mahubiri
mchungaji hunyamaza, bati likapiga mayowe,
nasi hutazamana, tukihesabiana benchi kwa benchi:
yupo, yupo, na yule je?
Kabla ya Amina mtu keshasimama,
anakunja suruali, anaelekea kwa Nakijwa.

Kwenye nguzo ya tatu, karibu na dirisha,
juu ya alama ya maji, pana E ya mkaa.
Alipanda benchi kuiandika.
Mwaka huu tumepaka chokaa kanisa zima.
Fundi alipofika pale akasita, akaniuliza.

Nikamwambia: hiyo izunguke.